Je, Wajua? Maajabu ya floti, kutoka kibanda cha wakala Haneti hadi Benki Kuu ya Marekani

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye njia ya kwenda Kondoa na Babati. Wafanyabiashara wa vito ughaibuni wanaifahamu kwa krisoprasi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Wasafiri wengi huiona dirishani tu, basi likipita. Leo tunashuka hapo kwa ajili ya neno moja, lile ambalo mteja wa fedha za simu hulisikia popote palipo na mwavuli wa wakala: "Subiri kidogo, floti imeisha."

Neno hilo ni la Kiingereza, float, na watu wa benki walilitumia miaka mingi kabla ya simu ya mkononi. Maana yake hubadilika kila linapoingia kwenye kazi mpya. Kwa wakala ni kitu kimoja, kwa karani wa hundi ni kingine, na kwa mwenye kampuni ya bima ni kingine kabisa. Ila ukizichunguza vizuri, karibu zote zinazungumzia fedha iliyokwisha kuondoka kwa huyu na bado haijatulia kwa yule. Tuanzie nyumbani.

NOTI ZA KARIAKOO HUBAKI KARIAKOO

Kijana akiweka Sh100,000 kwa wakala wa Kariakoo na kumtumia mama yake Haneti, hakuna hata noti moja inayosafiri. Zile noti zinabaki kwenye droo kulekule Dar es Salaam. Anazohesabiwa mama ni noti nyingine kabisa, na mwenye noti hizo si kampuni ya simu wala benki. Ni wakala wa kijijini, amezitoa kwenye mtaji wake mwenyewe. Yeye anarudishiwa thamani ileile kwenye laini yake ya uwakala, na thamani hiyo ndiyo anayoiita floti.

Fikiria maana yake. Huduma inayotumiwa na mamilioni ya Watanzania inasimama juu ya fedha za watu wa kawaida: mwenye duka la sukari na sabuni, fundi simu, mama muuza vitenge. Kamisheni wanalipwa kwa kila muamala, lakini mtaji wa kuendeshea kazi wanauleta wao.

JUMLA ISIYOBADILIKA

Wakala anaweza kuhudumia watu mia moja tangu asubuhi hadi jioni, na jumla ya fedha zake ikabaki vilevile hadi shilingi ya mwisho. Tuseme amefungua kibanda na Sh1,000,000, nusu noti na nusu floti. Anakuja mtu kuweka Sh200,000. Sasa noti ni 700,000 na floti ni 300,000. Anakuja mwingine kutoa Sh350,000. Noti zinashuka hadi 350,000 na floti inapanda hadi 650,000. Jumlisha: milioni moja palepale. Ni kama maji yanayomiminwa kutoka ndoo hii kwenda ile, hayaongezeki wala hayapungui.

Hapo ndipo uzuri wa hesabu hii ulipo. Jioni kabla ya kufunga, wakala anajumlisha noti na floti, akiweka kamisheni pembeni. Isipotimia milioni, anajua kuna mahali pameharibika: noti imehesabiwa mara mbili, au mtu amepewa zaidi ya alichostahili. Anarudi kwenye daftari, lile lililopigwa mistari kwa rula na kalamu ya wino, lenye tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi ya mteja, na kupanda nalo mstari kwa mstari hadi alipate kosa. Elimu inayohitajika hapo ni kujumlisha na kutoa, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa usahihi ambao karani yeyote wa benki angeuheshimu.

MAVUNO HUMALIZA NOTI, JANUARI HUMALIZA FLOTI

Wakala anaweza kuwa na fedha nyingi kuliko siku zote na bado akashindwa kumhudumia mteja. Kinachomkwamisha ni upande ambao fedha imelalia.

Chukua vijiji vya Ugogo, ambako watu hulima mtama, uwele, alizeti na karanga kwa kufuata mvua moja ya mwaka. Mazao yanapouzwa, mnunuzi aliye mjini anaona usalama kulipa kwa simu. Wakulima wanapokea ujumbe karibu wakati mmoja na wote wanakwenda kutoa. Kufika mchana wakala ana floti tele na droo tupu. Mwezi Januari mambo hugeuka. Shule na vyuo vinafunguliwa, wazazi wanakuja na noti za akiba ili watume ada, nauli na fedha za sare kwa watoto walio mbali. Sasa droo imejaa na floti imekauka. Siku kama hizo utamwona wakala akitafuta mwenzake wa jirani wabadilishane, huyu atoe noti na yule asukume floti, au akifunga safari ya kwenda kwa wakala mkuu au benki. Muda huo wote kibanda hakiingizi kitu. Kujua lini kijiji chako kitataka noti na lini kitataka floti ni ujuzi kamili wa uchumi, na hakuna chuo kinachoufundisha vizuri kuliko benchi la kibandani.

SIMU NNE, FLOTI NNE

Floti ya mtandao mmoja haimsaidii mteja wa mtandao mwingine hata kidogo. Ndiyo sababu mbele ya wakala hupangwa simu kadhaa ndogo za batani, kila moja na laini yake ya uwakala, na mtaji ambao ungetosha kazi kubwa hukatwa vipande vinne. Kwa upande wa mteja ukuta ulianza kubomoka mwaka 2014, pale Airtel, Tigo na Zantel zilipokubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016.

Na umewahi kuziangalia namba tunazobonyeza? M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, na iliyokuwa Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, ni *150*01#. Kampuni zinashindana kwa kila kitu, lakini zote zinabisha hodi kwa *150*.

FEDHA MOJA KUHESABIWA MARA MBILI

Kwa mtu wa benki wa zamani, floti ilikuwa fedha iliyopo sehemu mbili kwa wakati mmoja. Juma anampa Asha hundi. Asha anaipeleka benki yake, na benki inamwandikia kuwa ana fedha. Lakini karatasi ile bado iko njiani kuelekea benki ya Juma, ambako salio lake halijaguswa. Kwa siku hizo chache Asha ana fedha na Juma anazo zilezile, na vitabu vyote viwili vinaonyesha hivyo.

Tofauti hiyo ya siku ndiyo floti ya kibenki. Linganisha na Haneti: kule benki mwenye hundi alifaidika kwa muda ambao karatasi ilikuwa njiani. Hapa muamala unafika kwa sekunde, na mwanya wowote kati ya thamani na noti unazibwa na mtaji wa wakala. Naona hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya neno hili, nayo husahaulika kila tunapomlaumu wakala kwa kukosa floti.

MAKARANI WALIOKUTANA BAA

Mfumo wa kubadilishana hundi wa London ulianza kwenye chumba cha baa. Katika miaka ya 1770 makarani wa benki walikuwa wamechoka kuzunguka mji mzima, benki hadi benki, wakidai fedha za hundi walizopokea. Wakaanza kukutana Five Bells, baa iliyokuwa karibu na mtaa wa Lombard. Huyu anatoa hundi za benki ya yule, yule za benki ya huyu, wanakata, kisha wanalipana tofauti peke yake.

Charles Babbage, mwanahisabati aliyebuni mashine ya kukokotoa inayohesabiwa kuwa babu wa kompyuta, aliutazama mfumo huo ulipokwisha kukua na akaandika habari zake mwaka 1832. Takwimu zake zinashangaza hadi leo. Kwa siku ya kawaida benki zilimaliza madeni ya pauni milioni 2.5 kwa kutumia noti za pauni 200,000 hivi na sarafu za pauni 20 tu. Sehemu iliyobaki ilijikata yenyewe kwenye makaratasi. Mawakala wawili wa jirani wanaobadilishana noti na floti wanafanya kazi ya ukoo huohuo.

SIKU NDEGE ZILIPOZUIWA, MABILIONI YALIKWAMA HEWANI

Septemba 11, 2001, baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ndege za abiria na mizigo zilizuiwa kuruka Marekani yote. Wachache walifikiria kuwa usiku kwa usiku ndege ndizo zilizokuwa zikibeba magunia ya hundi za karatasi kutoka jimbo moja hadi jingine. Hundi zikakwama. Benki Kuu ya Marekani iliendelea kuzilipa benki zilizozipokea huku ikishindwa kuzifikisha kwa benki zinazopaswa kulipa. Floti, ambayo siku za kawaida haikuwa ikifika hata dola bilioni 1, iliruka ndani ya siku chache hadi zaidi ya dola bilioni 40.

Somo hilo lilizaa sheria. Mwaka 2003 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoipa nakala iliyochapwa kutokana na picha ya hundi nguvu ileile ya hundi yenyewe, nayo ikaanza kutumika Oktoba 2004. Tangu hapo benki zikaanza kurushiana picha, na karatasi hazikulazimika tena kupanda ndege. Nchi iliyokuwa na kompyuta nyingi kuliko zote duniani ilikuwa bado inasafirisha malipo yake kwa magunia, miaka miwili na nusu tu kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Nairobi!

KAMPUNI ILIYOKIRI MAKOSA 2,000

Mei 1985 kampuni kubwa ya uwakala wa hisa ya Marekani, E.F. Hutton, ilisimama mahakamani na kukiri makosa 2,000 ya udanganyifu kwa njia ya posta na simu. Kiini cha yote kilikuwa floti. Kampuni ilizungusha hundi kati ya akaunti zake katika benki nyingi kwa namna iliyoiwezesha kutumia fedha ambazo bado hazikuwepo. Kwa kufanya hivyo ilijipatia mkopo bila kuomba, bila riba, na bila benki husika kujua. Ilitozwa faini ya dola milioni 2, na Desemba 1987 ikakubali kununuliwa na mshindani wake.

Kabla ya hapo kulikuwa na mchezo mwingine uliozoeleka nchini humo. Makampuni yalimlipa mteja wa pwani ya mashariki kwa hundi ya benki ya magharibi, na yule wa magharibi kwa hundi ya mashariki, ili karatasi itumie siku nyingi barabarani. Siku tatu za riba kwa mtu mmoja ni kitu kidogo, lakini zidisha kwa maelfu ya wateja.

MISAFARA YA UGOGO NA MALI ILIYOKAA NJIANI MIAKA

Zaidi ya miaka 150 iliyopita mali ya mkopo ilipita uwanda huu wa kati kwa miguu. Misafara kutoka pwani ilikatiza Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji, ikilipa hongo ya vitambaa, shanga na nyaya kwa watemi wa Kigogo ili ipite na kupata maji. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo ilikuwa imechukuliwa kwa mkopo Unguja, kwa matajiri wenye asili ya India. Deni lingelipwa kwa pembe za ndovu msafara utakaporudi, kama utarudi.

Aliyejulikana zaidi kati ya wafadhili hao ni Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Safari ndefu ya Tippu Tip ilianza yapata mwaka 1870, na alirudi Unguja mwaka 1882. Hundi ya Marekani ilikaa njiani siku tatu. Hesabu za Unguja zilisubiri miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeiita floti, lakini Taria Topan angeelewa mara moja ukimweleza maana yake.

TAJIRI ALIYEJENGWA NA FLOTI

Warren Buffett, mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba siri ya kampuni yake Berkshire Hathaway imo katika neno hilohilo. Mwaka 1967 kampuni hiyo ilinunua kampuni ya bima iitwayo National Indemnity kwa dola milioni 8.6. Mtu anapolipia bima leo, madai yake huenda yakaja baada ya miaka, au yasije kabisa. Fedha inayokaa katikati si mali ya kampuni ya bima, lakini inaweza kuwekezwa kwa muda huo. Mwaka 1967 fedha hizo za katikati zilikuwa kama dola milioni 20. Kufika mwaka 2023 zilikuwa zimevuka dola bilioni 160.

Hapo utaona jinsi neno moja linavyoweza kumfaa tajiri wa Omaha na kumsumbua wakala wa Chamwino. Buffett anashika fedha za wengine na kuzizalisha. Wakala anaweka fedha zake ili wengine wazipate.

THIKA ILIANZA NA WATU 500, SASA INA SHULE

M-Pesa haikubuniwa ili watu watumiane fedha. Jaribio la kwanza lilifanyika Kenya, Oktoba 2005, kwa mawakala 8 na wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao midogo kwa simu, na serikali ya Uingereza ilichangia karibu pauni milioni 1. Wateja wakaligeuza jambo. Walianza kutumiana wao kwa wao, na kampuni ikasoma alama hizo. Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, ilitangaza kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliipata M-Pesa mwaka 2008, kupitia Vodacom.

Kuna kipande cha pili cha hadithi hii ninachokipenda zaidi. Fedha zote zilizomo kwenye simu za wateja hulazimika kuwepo benki, shilingi kwa shilingi, katika akaunti maalumu ya amana. Akaunti hiyo huzaa riba. Nchini Kenya riba hiyo ilikabidhiwa taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 2010, na miongoni mwa kazi zake ni shule ya sekondari ya bweni iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wenye vipaji kutoka familia zisizo na uwezo. Shule hiyo iko wapi? Thika, kulekule lilikofanyika jaribio.

WATANZANIA WALIOGAWIWA RIBA YA SIMU

Mwaka 2014 Tigo Pesa ilifanya jambo ambalo hakuna huduma ya fedha za simu iliyokuwa imelifanya duniani: iliwagawia wateja wake wa kawaida faida iliyotokana na akaunti ya amana. Mgao wa kwanza ulikusanya faida ya miaka kadhaa na ulizidi shilingi bilioni 14. Mtu aliyekuwa na salio dogo tu alipata ujumbe kwamba ameongezewa fedha, na wengi walidhani ni utapeli.

Kama umewahi kujiuliza fedha yako iko wapi simu ikizimika, jibu ndilo hilo. Iko benki, kwenye akaunti iliyotengwa na fedha za kampuni ya simu, na kanuni za Tanzania za mwaka 2015 kuhusu fedha za kielektroniki zinasisitiza utengano huo. Simu ikianguka kisimani, salio halizami nayo.

BUKAVU, WAKALA ANAHITAJI MITAJI MINNE

Wakala wa Haneti akilalamika kuwa ana ndoo mbili za kusawazisha, mwenzake wa Bukavu au Goma anazo nne. Mashariki mwa Kongo dola ya Marekani na faranga ya Kongo hutumika sokoni bega kwa bega, na M-Pesa ilipoanza nchini humo mwaka 2012 iliwafungulia wateja akaunti za sarafu zote mbili. Kwa hiyo wakala anahitaji noti za dola, noti za faranga, floti ya dola na floti ya faranga. Ongeza na kwamba noti ya dola iliyochanika ncha hukataliwa, na utaona kuwa kazi yake si ya mchezo.

FLOTI YA DROO

Katika maduka makubwa ya Uingereza, keshia hapokei mteja wa kwanza kabla hajakabidhiwa floti yake. Kule neno hilo lina maana ya noti ndogo na sarafu za kuanzia siku, tunazoziita chenji. Konda wa basi la Kondoa anayeambiwa na abiria wa alfajiri "nina elfu kumi nzima" anajua uzito wake bila kufundishwa Kiingereza.

SHILINGI YENYEWE INAELEA

Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango Juni 14, 1966 na kuleta shilingi yetu, dola moja ilikuwa Sh7.14. Bei hiyo haikuamuliwa na soko, ilipangwa. Miaka mingi baadaye, sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na kuanzia 1994 benki zikawa na soko lao la kuuziana dola. Hapo bei ikaachwa ipande na kushuka kufuatana na anayeuza na anayetaka kununua. Wachumi husema sarafu hiyo inaelea, na Kiingereza wanachotumia ni kilekile cha wakala. Leo dola moja ni zaidi ya Sh2,000. Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba sarafu fulani imeachwa ielee, usiende kibandani kuuliza kama imefika.

KUTOKA 16 HADI 76

Mwaka 2009 utafiti wa FinScope ulikuta kwamba ni takriban watu wazima 16 tu katika kila 100 Tanzania waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Utafiti wa mwaka 2023 ulikuta 76. Ndani ya miaka 14 nchi ilipiga hatua ambayo benki, kwa matawi yake ya mijini, zilishindwa kuipiga tangu uhuru. Benki zenyewe ziliona watu walikoelekea: mwaka 2013 zilipewa mwongozo wa kutumia mawakala, na sasa mwenye duka anayetoa M-Pesa mara nyingi anatoa pia huduma za CRDB au NMB kwenye meza ileile.

Dodoma nayo imeanza kupata benki za kwake. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapo Benki ya Ushirika Tanzania, yenye makao makuu jijini humo, kwa ajili ya wakulima na vyama vyao vya ushirika. Hata hivyo, jioni mtu anapougua kijijini na nauli inahitajika, mlango ulio wazi ni ule wa kibanda.

FLOTI HUIBIWA KWA MANENO

Mwizi wa floti hahitaji kuvunja kufuli. Silaha yake ni ujumbe wa simu. Kuna anayeandika meseji inayofanana na ya mtandao, "umepokea Sh300,000", kisha anadai noti zake kabla wakala hajatazama salio. Kuna anayepiga akijifanya wa huduma kwa wateja na kumwongoza wakala abonyeze namba moja baada ya nyingine hadi floti ihamie kwake. Na kuna ule ujumbe ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu ameupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Huo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao kweli alikuwa anakaribia kumtumia mtu fedha. Kwa wakala mdogo, kosa moja la namna hiyo linaweza kula kamisheni ya miezi.

Basi, msomaji, ukiwa na haja ya kutoa au kuweka fedha nyingi kijijini, mwambie wakala wako tangu jana yake ili ajiandae. Ukipokea ujumbe wa fedha, angalia salio kwanza, maana meseji peke yake haithibitishi kitu. Hesabu noti zako mbele yake, na usaini daftari kwa jina lako halisi. Namba ya siri ibonyeze mwenyewe: wakala haihitaji ili akuhudumie, na mtandao hautakupigia kamwe kuiuliza.